Upande wa Ngamia

Nimekuja, dada Tsevelmaa.
Nimevua kofia mlangoni, nimekung'uta buti,
na bado nimeacha vumbi la makaa
kwenye sakafu yao nyeupe.
Msichana wa tiketi alinitazama miguu, kisha uso.
Nikamwambia: mimi ni wa nyumbani.

Sasa nasimama mbele ya ulichokifanya.
Mfupa wa kifundo cha kondoo, mkubwa kuliko lori langu,
umeushindilia kwa majivu ya majiko ya mtaa wetu,
majivu uliyoomba hema kwa hema na ndoo mkononi
watu wakidhani umerukwa na akili.
Nyuma yake mwingine. Na mwingine.
Nilipofika ishirini na sita nikaacha kuhesabu,
kama baba.

Zamani ulitosha kiganjani.
Mama aliuchemsha, akaukwangua kwa kisu,
akatutupia: "Haya, kachungeni."
Upande huu farasi, upande huu ngamia,
kondoo kwa mgongo, mbuzi kwa kitumbo kilichobonyea.
Unamwaga kumi juu ya blanketi,
unafyatua kwa kidole, farasi kwa farasi,
ukigusa asiyehusika, umeliwa.
Wewe ulikuwa na shabaha.
Mimi nilikuwa mwizi.

Halafu baridi ile.
Theluji ikayeyuka siku moja, ikaganda ikawa kioo,
wanyama wakakwangua nyasi chini ya kioo
mpaka kwato zikavuja damu.
Baba alihesabu mizoga mia tatu na kumi
kisha akakaa juu ya tandiko, mgongo kwetu.
Hatujawahi kuwa na mifupa ya kuchezea mingi namna ile.
Magunia mawili, dada. Tulikuwa matajiri.
Hatukucheza.

Tukapanda lori la mtu kuja Ulaanbaatar,
jiko katikati yetu, bado lina joto.
Baba, aliyejua kila farasi kwa mlio wake,
akapewa filimbi na fulana ya manjano
alinde magari yaliyoegeshwa.
Aliyapa majina, unakumbuka?
Kulikuwa na moja la kijivu, alikuwa akilipapasa boneti.

Hapa kuna bwana mwenye miwani anawaeleza wageni.
Anasema kazi hii inaihoji jamii.
Sijui. Anasema vizuri, mikono yake ni safi.
Lakini hajaona jambo moja, nami nimeliona
nikiwa bado mlangoni:
yote imeangukia ngamia.
Mchezo hauangukii hivyo.
Ukirusha mia, utapata wa kila namna,
hata mmoja wa kusimama wima, tukashika pumzi.
Ngamia ndiye abebaye nyumba siku ya kuhama.
Umetupanga sote hapa, Tsevelmaa,
mtaa mzima, magongo yetu juu, mizigo haionekani.

Kila mmoja umeuacha na rangi ya majivu.
Na katikati, pale ambapo blanketi lingekuwa,
umeacha nafasi ndogo, tupu, saizi ya ngumi ya mtoto.
Labda ni kwa ajili ya kupita.
Labda wajua.

Kwa sababu ule mwekundu, uliousugua kwa wino wa shule
na kuutafuta wiki nzima ukilia chini ya vitanda,
umo mfukoni mwangu. Miaka thelathini na mbili.
Nimeendesha nao hadi mpakani na kurudi,
umelainika kama jino.

Nikachungulia kushoto, kulia.
Nikauweka.

"Wewe! Mzee!"
Mlinzi, kijana, filimbi shingoni.
"Usitupe vitu kwenye sanaa."
Nikamtazama ile filimbi.
Nikainama nikauokota, magoti yakilia,
na kabla sijaufumbata niliona
ulikuwa umelala upande wa mbuzi,
peke yake kati ya ngamia wote wale,
hana wa kumfyatua.

Nitakupigia Jumapili.
Nitasema tu sakafu ilikuwa safi mno.