Kijitabu cha Kwanza, Tena

Hidaya amekuja na kompyuta kwapani
hapa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kwenye duka ambamo babu yake, Sekiondo,
alichapa vijitabu mia mbili na kumi na nne
vya chombo kimoja cha anga kisichowahi kutua.

Anasema: tunaanza upya.
Msomaji wa leo hana haja ya kujua
nani alimwoa nani kwenye mwezi wa tano wa Zohali.
Vyote mia mbili na ushei, havikutokea.
Yaliyopita si ndwele, mjomba.

Mimi ndiye mtunza daftari.
Miaka thelathini na mmoja, kwa wino mwekundu:
nani kafa, nani kafufuka,
nani kakatwa mkono wa kulia
na kurasa kumi mbele akapiga saluti kwa mkono huohuo.
Sekiondo alikuwa msahaulifu.
Chombo chake, Tongoni, kilikuwa na milango sita Januari,
Machi ikawa saba.
Barua zikamiminika, Pongwe, Muheza, Korogwe:
Mhariri, mlango wa saba umetoka wapi?
Tukakesha kwa kahawa na kashata
tukiutungia mlango ule asili yake.
Ikawa hadithi ya miezi minane,
iliyopendwa kuliko zote.

Sasa, cha tisini na nne.
Rubani Tunu anaufungua mlango wa saba,
anatoka nje kukaza kamba
(ya mkonge; Sekiondo aliapa
hakuna nyingine ingeiweza baridi ya kule)
na kamba inakatika.

Wiki ile kaka yangu Mgaza alilazwa Bombo.
Nikamsomea.
Akasema, Rudia hapo inapokatika.
Nikarudia.
Akasema, Hakupiga kelele. Vizuri.
Cha tisini na tano hakukisubiri.

Na leo kwenye kioo cha Hidaya:
*Tunu, miaka kumi na tisa, mzima, mcheshi.*
Niliutazama mstari ule
kama niliyemkuta marehemu kwenye foleni ya mkate.
Ikiwa Tunu hakufa,
basi pale kitandani nilikuwa nasoma nini?
Yaliyopita, Hidaya, ndiyo ndwele yenyewe.
Nilikuwa nalo neno mdomoni, bado kulitema.

Ndipo Kibibi wa nyumba ya nyuma,
aliyetumwa kununua kalamu ya shilingi mia tatu,
akachungulia kioo, akauliza:
Huyu dada anakwenda wapi?

Miaka yote ile, barua zote zile,
waliuliza kimetoka wapi.

Nimekubali.
Daftari sikulichoma.
Nimelitia chini ya mguu mfupi wa meza ya kuchapia,
na meza, kwa mara ya kwanza tangu niijue,
imetulia.

Ukurasa wa kwanza umekwisha.
Tongoni inang'aa, mpya, milango sita.
Ila ubavuni, pale palipokuwa pa saba,
nimemwambia mchoraji aweke alama ya kuchomelea,
kovu refu la chuma,
bila neno.

Hidaya kaligusa kwa kidole.
Na hili?

Tulia, nikamwambia.
Barua zitakuja.