Hamsini

Kizota, saa tatu, vumbi limeshawahi kaunta.
Muuzaji ananisukumia boksi:
"Chukua hizi, mama. Zote beringi."
Sawa. Na viatu vyote ni viatu.

Krenki yetu imekatwa mara mbili.
Jana Chilongani alipima, akafuta oili,
akapima tena shingo ya pili, ile iliyoungua,
akaniandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji:
hamsini.
"Chuma na chuma visigusane," alisema,
"ila nafasi isizidi unywele."

Nikikosea, mashine itasaga wiki moja,
igonge, inyamaze,
na Mvumi tutarudi kutwanga uwele,
mchi kwa mchi, tukitajana.

Nakwangua grisi kwa ukucha. Nasoma mgongoni:
ishirini na tano.

Namrudishia.
Nauli ya kesho bado ninayo.