Mlango wa Nguba

Fundi Zihindula alikuja na pima-maji,
akaiweka kizingitini, akacheka:
"Mama Nsimire, nyumba hii inashuka ziwani polepole."

Tulijua. Kila masika mlango ulivimba,
baba akaung'oa, akauranda kidogo,
miaka thelathini, mpaka libuyu
likajifunza kosa la ukuta.

Huu mpya ni wa chuma, umechomelewa Kadutu.
Pembe zake mraba, hajui mtu kuuinamisha.
Kutwa nzima nyundo, saruji, matusi ya Kifaransa.
Jioni ukafunga, karibu:
chini kushoto pamebaki upenyo wa kidole.
Paka alipitisha mkono, akaghairi.

Usiku hatukulala vizuri.
Ule wa zamani ulikuwa unalia,
na kwa urefu wa kilio chake
mama alijua nani kachelewa, na kanywa kiasi gani.
Huu umenyamaza kama askari wa benki.

Hatukuuchoma ule. Umelala uani
juu ya matofali manne, umeanikwa sambaza,
tundu la kitasa limezibwa kwa gunzi.

Asubuhi mama alitoka kugeuza samaki.
Kabla ya kugusa mbao
nikamsikia: hodi.

Nikaitikia mimi, toka jikoni.