Geji Tatu

Fundi Shaame amezipanga juu ya gazeti lililolowa dizeli,
geji tisa,
nami nina fedha ya tatu.
Hii, anasema, ina taa ya buluu,
usiku itakumulika kidevu kama bibi harusi.
Hii rahisi, lakini ina kiherehere:
ukipita shimo yaruka hadi mia, ukifika lami yalala.
Na hii nimeitoa kwenye lori lililopinduka Mkoani.
Imeshaona mauti, haina sababu tena ya kudanganya.

Landirova ya marehemu baba inatusikiliza
mdomo wazi, rejeta imeegemezwa ukutani.
Geji ya mafuta ilisema nusu tangu niko darasa la nne:
tangi kavu, nusu; tangi linafurika, nusu.
Ya joto ilijilalia kwenye baridi, jua la Januari liwake lisiwake.
Ya mwendo yahesabu maili,
maili ambazo Wete hazina mtu wa kuzidai.

Baba aliendesha kwa pua.
"Yanuka pasi," husema, na hapohapo,
katikati ya kilima cha Kambini,
jiwe nyuma ya gurudumu, dumu la maji, kimya.
Lakini kila asubuhi kabla ya kuwasha
aligonga vile vioo kwa ukucha, mara tatu,
kama abishaye hodi kwenye nyumba
ajuayo kuwa wenyewe wamehama.

Mie pua hiyo sikurithi.
Nimerithi mikungu ya ndizi ya watu wa Konde,
na gasketi iliyokwisha ungua mara mbili.

"Ya waya," anasema Shaame, "hukwambia alichosikia waya.
Ya bomba, maji yenyewe ndiyo yasemayo.
Ila bomba halikatwi, halikunjwi kona kali,
ukilivunja shingo limekufa na geji yake.
Na oili, ukiipitisha kwa bomba,
unaileta ya moto mpaka hapa,"
akajigonga juu ya goti,
"siku ikipasuka utaijua presha kabla ya mshale."

Presha.
Nikakaa juu ya tairi.

Hospitali, nesi alimfunga baba mkono, akapiga pampu,
mshale ukapanda, ukapita
pale ambapo nesi huacha kutabasamu.
Baba akanyoosha ukucha,
akagonga kioo, mara tatu.
"Umekwama huo. Hebu lete nyengine."
Ikaletwa nyengine.
Akaitazama kidogo, akateremsha mkono wa shati,
akenda kupakia.

"Umelala?" Shaame aliniuliza.

Maji, nikasema, ya bomba.
Oili, ya waya; magoti yangu nayahitaji.
Ya umeme wa betri nipe ile ya Mkoani.
Sura nyeusi, tarakimu nyeupe. Buluu hapana.

Matundu ya zamani yalikuwa mapana, geji zikacheza ndani
kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.
Shaame akataka kukata bati.
Nikenda kwa Kheri seremala, Limbani,
akanichongea pete tatu za mfenesi,
manjano, zanukia bado.
Ya mwendo sikuitoa. Iendelee na maili zake.

"Fedha yote hiyo," mama alisema, "na hata saa hazikwambii."

Jumamosi tukapanda Kambini,
mama pembeni yangu, mkoba mapajani,
ndizi nyuma zikisukumana.
Themanini na tano. Tisini na mbili.
Kwenye kona ya pili, mia.
Nilivuta pumzi: ndizi, udi wa mama, mfenesi,
pasi hapana.
Ukucha wangu ulikuwa umeshafika kwenye kioo
kabla sijautuma.

"Yasemaje?" mama aliuliza.
"Mia na nne."
"Ndiyo nini?"

Mshale haukuwa umekwama.

"Ndiyo tushuke kidogo," nikamwambia,
nikafungua mlango,
nikatafuta jiwe.