Bwa Mizani

Nakipima kisa hiki
kwa nane, haipunguki,
na kidole sikiweki
juu ya yangu mizani.

Alishuka na shehena
ya merikani, kijana
ndevu bado hajaona,
karani pale Shangani.

Kwao jina ni Hobati,
lingali ndani ya hati;
mahamali hawasiti:
wakamwita Bwa Mizani.

Akipima sandarusi,
kidole chake chepesi
hutua kama mkosi
ili mawe yende chini.

Nani kanipa habari?
Lipo buku la bandari,
mchwa wamelisitiri
nusu yake, sandukuni.

Iliyobaki ni bibi;
ukimwuliza, hajibi,
ila akiwa karibi
na kulala, kitandani.

Feruzi, babu wa babu,
mtumwa wa Bi Rababu,
alikodishwa; hesabu
ya ujira haioni.

Akiosha kwa magadi,
hata kucha ikabidi
kung'oka, hazikurudi,
kumi zote, mikononi.

Hobati kenda na mali
kwa wenye baridi kali,
akajenga, akasali
mbele mbele kanisani.

Jimboni kaomba kura:
mara ya kwanza hasara,
mara ya pili kang'ara,
akaketi barazani.

Alipitisha sheria
za mbwa, reli na njia,
na moja, hebu sikia:
ya kukagua mizani!

Siku moja kasimama,
kauli ikanguruma:
«Utumwa ni dhambi, jama,
uondoke duniani!»

Makofi dakika tano,
magazeti yana neno,
na kinanda chenye meno
ya pembe kipo nyumbani.

Sisemi alidanganya.
Pengine alijikanya,
mkono akiusonya
uliokuwa Shangani.

Lakini hakuandika
neno moja likafika;
Feruzi akazeeka
kwenye kibanda Ng'amboni.

Alipokufa, bendera
ikashushwa nusu; sura
ikatundikwa imara,
mikono i mifukoni.

Leo nauza iliki
Darajani; sichoshiki
mgeni akihamaki:
«Ni sawa hiyo mizani?»

Humwonyesha kumi zote
kucha, moja isipite,
sahani nisiivute,
kisha nasema: «Someni.»