Kilopaskali Themanini na Tatu

Silinda yangu haina chuma.
Ni vitundu laki mbili vilivyofumwa kwa tarakimu,
wavu wa kunasia moto kabla haujawaka.
Kila kitundu humuuliza jirani:
una joto kiasi gani, umebakiwa na hewa kiasi gani?
Jirani hujibu, kisha naye hugeuka akauliza.
Maulizano hayo huchukua usiku kucha.

Nami nakaa na thermosi, ghorofa ya tatu,
nikingoja milisekunde nne ziishe.
Milisekunde nne!
Saa kumi na moja za umeme
kwa pumzi moja ya lori.

Pistoni hupanda. Hewa hubanwa hadi ikakasirika.
Nozeli hutema dizeli, ukungu mwembamba kuliko wa Limuru,
na ndani ya ukungu ule wekundu huchanua kwenye skrini,
kimya,
bila harufu, bila mtu wa kukohoa.

Hapo ndipo penye ubishi.
Ukiuacha moto uwe mkali, masizi huungua yakaisha,
lakini hewa yenyewe huchomeka,
nitrojeni ikamkumbatia oksijeni
wakazaa ile sumu ya rangi ya strungi iliyopoa.
Ukiupoza, sumu hupungua,
na masizi hurudi na ukoo wao mzima.
Mshika mbili moja humponyoka, walisema wahenga,
na hawakuwa wameona grafu.

Majuma sita grafu yangu ilinidanganya.
Safi, ilisema. Masizi ya kupuliza tu.
Nikaichapisha, nikateremka nayo Barabara ya Kirinyaga
kwa Mulatya, fundi wa pampu za dizeli,
ambaye maabara yake ni turubai na kreti mbili za soda.
Karatasi hakuitazama.
Aliwasha Isuzu iliyoletwa kutengenezwa,
akafunga kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba,
akahesabu hadi thelathini kwa Kikamba.
Kitambaa kikatoka kama kitako cha sufuria ya githeri.
"Grafu ndiyo hii," akasema.

Kisha, akipangusa spana:
"Hiyo injini yako ya kompyuta inakaa wapi?"
Nikacheka. Haikai popote.
"Kila injini inakaa mahali, dada.
Lori likitoka Mombasa, chini kule halina neno.
Likipanda, likipanda, mara laanza kuvuta sigara.
Hewa ya huku ni uji mwepesi. Uliipima?"

Nilirudi nusu nikikimbia.
Nikafungua faili ya kwanza kabisa,
ule mstari uliokuja na programu, usioguswa na mtu:
hewa ya kuingia, kilopaskali mia moja na moja.
Hewa ya ufukweni!
Majuma sita lori langu lilikuwa limeegeshwa pwani
likivuta pumzi za kushiba,
nami nikiliombea cheti Nairobi.

Nikafuta. Nikaandika themanini na tatu.

Saa tisa usiku stima ikapotea,
betri ikalia kama kifaranga,
nikaapa kwa lugha ya nyumbani kwetu, ikarudi.
Alfajiri wavu ukajibu:
moto ukinyong'onyea kwenye kingo za pistoni,
dizeli ikitafuta hewa kama mtu anayepapasa miwani gizani,
na pale ilipoikosa, weusi ukaota.
Nikakiegemeza kitambaa cha Mulatya kwenye skrini.
Havikufanana kama pacha.
Vilifanana kama watoto wa baba mmoja,
hiyo yatosha kuanzia.

Kwa kuwa sasa ndipo kazi inaanza:
nozeli yenye matundu manane badala ya sita,
mpulizo uchelewe digrii mbili, pengine tatu.

Chini barabarani mfagiaji anapitwa na lori la mchanga.
Anageuza uso, anajiziba kwa ncha ya leso,
anangoja wingu lipite, anaendelea kufagia.
Kati ya vitundu vyangu laki mbili
hana chake hata kimoja.

Saa mbili Mulatya anapiga simu.
Hiyo nozeli ya matundu manane, anauliza,
shilingi ngapi?

Sijui.
Bado nakokotoa.