Nyusi za Candiru

Shule imefungwa, Arua yote iko majumbani.
Jumatano, saa mbili usiku, simu nimeiegemeza kwenye kikombe,
mada: mahari ifutwe au ibaki.
Nikaita majina, majina yakajibu kwa herufi:
niko mwalimu, nipo, nipo, sauti haisikiki.
Miraba myeusi ishirini na minane.
Nililihutubia giza
kama mhubiri aliyeanzisha dhehebu jana.

Candiru hakuwepo.
Candiru ambaye darasani hanyanyui mkono,
hunyanyua nyusi tu,
na anayesema akajua hapo hapo kwamba kachemka,
akarudi nyuma, akaipanga hoja upya.
Bando la wiki ni bei ya sukari,
na kwao sukari hushinda mjadala.

Lakini Drani!
Drani ambaye herufi "m" humkaba kooni
kama mwiba wa samaki,
ambaye mwaka mzima nilimruka kwa huruma
(huruma yangu, nusu yake uvivu),
aliandika. Saa nne aliandika, saa sita akaandika,
mahari, mama, mkopo, mjomba, mbuzi saba waliorudishwa,
"m" zote zikitiririka bila kizuizi,
na wenzake wakamjibu kwa hoja, si kwa kicheko.
Nilimsoma kitandani, miwani puani,
nikajiuliza nilikuwa nikimfundisha nani
tangu Februari.

Shule ikafunguliwa.
Mvua juu ya mabati ikawa msemaji wa kwanza,
tukaingoja imalize.
Mada ile ile. Nyusi zilikuwepo, mstari wa tatu, dirishani.
Drani akasimama.
Akasema "m".
Akasema "m" tena.

Kwenye simu ningedhani mtandao umekatika.
Mtu angeandika: toka, uingie upya.
Hapa hapakuwa na pa kutokea;
ilitubidi kukaa ndani ya ile herufi pamoja naye,
dawati likalia, chaki ikanivunjikia mkononi,
na mmoja huko nyuma akaanza kucheka.
Candiru akamgeukia.
Nyusi.
Kicheko kikafia mdomoni.

"Mahari," akasema Drani, akaketi.
Neno moja. Usiku ule aliniandikia mia nne.

Basi msiniulize, wakaguzi, ipi njia bora.
Fomu yenu ina visanduku viwili,
nami nina neno moja lililogharimu nusu dakika
na jasho la darasa zima,
nina na mia nne yaliyokuja bure,
yaani kwa bando la shangazi yake.
Nimetia alama kote kote, wino umechafua karatasi.

Kesho labda nimwombe asome aliyoyaandika,
au nimsomee, au Candiru asome.
Sijui.
Nitamwuliza mwenyewe kwanza,
kwa ujumbe wa simu,
ili apate nafasi ya kunikatalia vizuri.